Mume Aliyeleta Vyungu: Hadithi ya Mfinyanzi wa Ikombe Iliyofunga Soko na Kulifungua

Mvua imeacha mchanga wa Ikombe umeshikana, na Asegelile amepiga magoti juu yake mbele ya donge la udongo lililokaa kwenye kigae. Mkono wa kushoto unazungusha kigae. Mkono wa kulia unapandisha ukuta wa chungu. Kinywa nacho hakijapumzika tangu alipoanza kazi.

"Akaingia na chungu kingine," anasema bila kuinua macho. "Kizuri kuliko cha kwanza. Akamwambia mkewe, 'Nimeona unahangaika na kile cha zamani.' Mke akakipokea kwa mikono miwili. Akasema ndaga, asante. Akakipanga ukutani pamoja na wenzake."

Wanawake waliomzunguka wanaguna. Mmoja anasugua chungu kibichi kwa kokoto, mwingine anapaka rangi nyekundu shingoni mwa mtungi, lakini masikio yote yako kwa Asegelile. Hadithi hii wameshaisikia mara nyingi, na bado yuko mmoja anayeuliza swali ambalo mwambao mzima unalijua jibu lake.

"Huyo mume alikuwa anatoka wapi?"

"Kiulize chungu," anajibu Asegelile, na kicheko kinapanda hadi kwa wavuvi wanaotengeneza nyavu zao pembeni.

Wavuvi hawacheki. Kama wanaume wengi wa upande huu wa Ziwa Nyasa, wameshajua kuwa mbele ya Asegelile ni heri mtu akae kimya na aonekane ana shughuli.

Asegelile hajui umri wake. Anakumbuka tu kwamba alikuwa msichana wa kuchota maji Wadachi walipojenga boma lao la kwanza ufukoni, kabla hawajalihamishia kule juu kwenye baridi. Leo ni mke wa mvuvi aitwaye Enoki, ni mama wa watoto watatu, na ni mfinyanzi kama mama yake na bibi yake. Na kwa muda wa misimu miwili ya mavuno iliyopita, jina lake limetajwa majumbani kuliko jina la mtu yeyote mwingine kati ya Ikombe na Busale, mara kwa sifa, mara kwa hasira.

Watu wa Ikombe ni Wakisi. Wanaume huvua, wanawake hufinyanga. Milima imeshuka hadi majini, njia ya miguu ni ya mbuzi, kwa hiyo vyungu havitoki pale ila kwa mtumbwi. Wiki ikiwa njema, Asegelile anamaliza vyungu kumi au kumi na viwili, na viwili kati ya hivyo hupasukia motoni. Vilivyobaki hufungwa kwa majani makavu ya migomba, vikapakiwa na vya wenzake, vikapelekwa Lyulilo, Mwaya na Itungi, ambako wakulima wa bondeni huja kununua.

Na bei haina mabishano. Mnunuzi anakijaza chungu nafaka, mpunga au ulezi, hadi mdomoni. Nafaka inabaki kwa mfinyanzi, chungu kinaondoka na mnunuzi. Ndivyo walivyouziana bibi zao, na hata sasa rupia ya Mdachi ilipoingia, ile inayotafutwa kwa jasho ili kulipia kodi ya nyumba, chungu cha Mkisi bado kinajipimia bei yake chenyewe.

Hadithi ilianzia hukohuko kwenye vyungu. Mama yake Asegelile alikuwa msimuliaji, na hadithi zake za ndoa zilikwisha namna moja: mke aliyetoka nje aliliwa na mamba.

"Siku moja nikamuuliza mama, huyo mwanaume aliyekuwa naye yeye alikwenda wapi?" anakumbuka Asegelile. "Mama akaniambia mamba alikuwa ameshashiba. Nilikuwa mtoto, nikanyamaza. Lakini jibu lile halikunishuka."

Jibu hilo lilimkaa kooni hadi akawa mtu mzima. Ndipo, akiwa kazini na wenzake, akaanza kusimulia hadithi yake mwenyewe, ndefu, isiyokwisha kwa siku moja wala kwa mwezi. Mke katika hadithi anaitwa Angetile. Ni mchapakazi, shamba lake limelimwa vizuri, na nyumba yake inanukia moshi wa ndizi za kuchoma. Mumewe anampenda mwanamke mwingine wa kijiji cha jirani. Na kila anaporudi kutoka kwa huyo mwanamke, dhamiri inamsumbua, basi anapitia mtoni wanaposhukia Wakisi na kumnunulia mkewe chungu.

Mume huyo hana jina.

"Nilimnyima jina kwa huruma," anasema Asegelile na kutabasamu kwa pembe moja ya mdomo. "Nilifikiri nikimpa jina, wenye jina hilo wataonewa. Nikawaza, asiye na jina hamdhuru mtu. Kumbe kosa lake nimewavika wanaume wote."

Alisimulia kipande Lyulilo, kipande Mwaya, kipande Itungi. Wanawake wa bondeni waliokuja kununua chungu walikaa hadi jua likawachoma visogo. Walibishana. Wengine walisema Angetile ni mjinga, wengine wakasema ana subira, na wapo waliomlaani yule mwanamke wa jirani hadi Asegelile akawaambia wamwachie mume naye nafasi kwenye laana zao. Tusekile, mwanamke mlimaji mpunga wa Ipyana, hakukosa hata siku moja. Anasema alikuwa akilima huku akiwaza chungu kijacho kitakuwa cha namna gani.

"Mimi mume wangu alikwisha kufa," anaeleza Tusekile. "Sikuwa na wa kumtilia shaka. Nilikwenda kwa sababu nilitaka kujua Angetile atafanya nini. Watu walisema ni maneno ya kutungwa. Hata ukilia, unajua ni ya kutungwa, na bado unalia."

Kisha hadithi ikatoka hadithini.

Ilikuwa msimu wa mavuno wa mwaka jana, 1911. Mkulima mmoja wa Busale, Andongwisye, mtu mpole ambaye majirani zake wanasema hana muda wa mke wa pili hata wa ndoto, alishuka Itungi na mpunga wake. Chungu cha mkewe cha kupikia maharage kilikuwa kimepasuka. Akachagua kipya, kikubwa, akakijaza mpunga mbele ya wafinyanzi, akaukabidhi, akakiinua chungu chake begani na kwenda nyumbani akijiona mume bora.

Mkewe, Anyisile, alimpokea mlangoni. Yeye naye alikuwa mteja wa hadithi.

"Aliweka mikono kiunoni," anasimulia Andongwisye. "Akauliza, hiki cha nani? Nikasema chako, mama. Nimeona kile cha zamani kimepasuka. Akasema, 'Hivyohivyo ndivyo alivyosema yule.' Mimi sikujua yule ni nani. Nilimuuliza, akasema bora nimuulize mwenyewe ninakotoka."

Anyisile alifunga mzigo na kwenda kwa wazazi wake. Andongwisye alibaki na watoto, na chungu, na vicheko vya vijana waliomwona akipita nacho. Alipochoka, akakibeba tena hadi Itungi, akakitua mbele ya wafinyanzi na kuomba mpunga wake.

Hakuna Mkisi aliyewahi kurudishiwa chungu kizima. Kilichopasuka, ndiyo, hutokea, na mfinyanzi hutoa kingine. Lakini chungu kizima, kisicho na hata ufa wa unywele, kurudishwa kwa sababu kimebomoa nyumba? Walimtazama, wakatazamana. Wakamrudishia mpunga wake, naye akaondoka bila kugeuka.

Baada ya hapo ikawa ni balaa. Wanaume waliokuwa wakipitia mtoni na kuwanunulia wake zao walikoma kabisa. Waliotumwa na wake zao walikataa kwenda bila shahidi. Hata mtu aliyekuwa na shida ya kweli, mwenye sherehe ya kupikia wageni, alimtuma dada yake. Mitumbwi iliyotoka Ikombe imejaa ilirudi imejaa, na vyungu vikarundikwa ufukoni mpaka kuku wakataga ndani yake.

Lawama ilijua njia. Ilikwenda moja kwa moja kwa Asegelile.

Marita ndiye mkubwa wa wafinyanzi wa Ikombe. Ni mjane mrefu, mwenye sauti ya chini ambayo hakuna anayejifanya hajaisikia, na mtumbwi mkubwa kuliko yote ni wake. Chungu ambacho Marita hajakikubali hakivuki maji. Siku ya kuchoma vyungu, wanawake wote wakiwa wamekusanyika kando ya moto, alimwita Asegelile katikati.

"Nilimwambia maneno mawili," anakiri Marita. "Ama yule mume awe mwema, iwe ni mke aliyemshuku bure, na watu wasikie hivyo. Au vyungu vyake avibebe mwenyewe kichwani juu ya majabali. Nilikuwa na vinywa vya kulisha. Wote tulikuwa navyo."

Wenzake hawakumtetea hata mmoja. Walikuwa wanawake aliokula nao na kucheka nao, na waliompokelea watoto wake wakati wa kuzaliwa. Asegelile anasema hilo ndilo lililomuuma. Nyumbani mtungi wa nafaka ulikuwa mtupu, na watoto walikuwa wanakula samaki bila ugali, jambo ambalo mtoto wa mwisho alilichukulia kama adhabu na kuuliza kila siku amekosa nini.

Kwa hiyo alikubali.

Haoni haya kulisema, ingawa anapolisema anaacha kuzungusha kigae. Marita alimpakia mtumbwini kwa sharti hilo, na Itungi, mbele ya wasikilizaji wake wa siku zote, Asegelile akasimulia kwamba mume wa Angetile hakuwa na mwanamke yeyote. Alikuwa anampenda tu mkewe. Alikuwa anapenda vyungu.

Mwanamke wa kwanza aliinuka kabla hajamaliza. Wa pili akafuata. Hawakutukana, hawakuzomea, walijifunga nguo zao vizuri na kuondoka kama watu waliokumbuka kazi. Tusekile ndiye aliyebaki. Akamsogelea na kumuuliza kwa sauti ya chini, "Asegelile, nani amekulipa?"

"Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona," anasema Asegelile. "Nilikuwa nasimulia habari za mtu anayemletea mwenzake zawadi ili asiulize. Na mimi nilikuwa nimewaletea zawadi hiyohiyo. Nilimdanganya Tusekile machoni. Yeye alijua, na mimi nilijua anajua."

Walipofika Ikombe hakwenda nyumbani kwake. Alimfuata Marita aliyekuwa anaufunga mtumbwi, akamwambia kwamba hadithi ile ya Itungi hatairudia, hata kama itabidi afinyange vyungu vya kutazama tu. Akamwomba jambo moja: ampeleke bondeni safari moja ya mwisho, aimalize hadithi ya kweli hadi mwisho, halafu amfukuze akitaka.

Kilichofuata hakikujulikana na mtu mwingine hadi juzi, Marita mwenyewe alipokubali kiandikwe.

"Nilimuuliza, huyo Angetile alijua tangu lini? Akaniambia, tangu chungu cha kwanza. Nikakaa chini." Marita anavuta pumzi. "Marehemu mume wangu aliniletea chumvi. Kila alipotoka ng'ambo, chumvi. Nilikuwa nayo kuliko mtu yeyote hapa, niligawa, nilisifiwa kwa ukarimu. Na mimi nilijua tangu chumvi ya kwanza. Sikumwambia mtu. Nilimkasirikia Asegelile kwa ajili ya soko, ndiyo, lakini halikuwa soko peke yake."

Akamwambia Asegelile kesho asubuhi wapakie, na wapakie vyungu vyote.

Safari hii hawakuishia mtoni. Waliajiri vijana wa kubeba, wakapanda na vyungu hadi Ipyana siku ya soko, na Tusekile akawatangulia akiwaita wanawake kutoka mashambani. Habari ilikuwa imekwenda kasi kuliko miguu yao. Walikuja wanawake wa Ipyana na wa Busale. Walikuja pia wanaume, wengi kuliko ilivyotarajiwa, kila mmoja akidai amepita tu. Nyuma kabisa, mikono kifuani, alisimama Andongwisye. Anyisile alikuwa upande wa pili na dada zake.

Asegelile anasema kabla ya yote aliomba kigae na udongo. Bila kazi mikononi, maneno hayaji. Akapewa, akaanza kufinyanga, na akaanza kusema.

Alisema kwamba Angetile sasa alikuwa na vyungu ukuta mzima. Kumsema mumewe kwa wazazi wake aliona aibu. Kumwambia baba mkwe, ambaye neno lake mumewe alilitii, haikuwezekana, kwa sababu mke wa kikwetu hamwoni baba mkwe uso kwa uso, hamsemeshi, wala hatumi salamu. Akija huku, mke anapita kule. Hapo wasikilizaji wakatikisa kichwa, maana kila mke pale alikuwa na migomba yake ya kujificha.

Basi Angetile, jua lilipochomoza, alivitoa vyungu vyote nje. Akavipanga mstari mmoja kutoka mlangoni hadi kwenye njia anayopita mzee kila asubuhi kwenda kuwatazama ng'ombe wake. Kisha, kama adabu inavyotaka, akaingia migombani akajificha.

Mzee akaja. Akasimama. Akavitazama vyungu kutoka cha kwanza hadi cha mwisho, akamwita mwanawe.

Mazungumzo hayo Asegelile anayasimulia kwa sauti mbili, na hata leo wafinyanzi wa Ikombe wanaacha kazi wanapoyasikia.

"Hivi vyote vya nani?"

"Vya mke wangu, taata."

"Wakisi uliwalipaje?"

"Nilivijaza mpunga, taata, kama kawaida."

"Na ulipompa mkeo, ndani vilikuwa na nini?"

"Havikuwa na kitu, taata."

"Umewalipa waliovifinyanga," akasema mzee. "Uliyempa hujamlipa. Jaza."

Asegelile akaendelea bila haraka. Mume akapanda ghalani. Akajaza chungu cha kwanza, akajaza cha pili, na baba yake amesimama hapohapo na fimbo yake, haondoki. Akajaza hadi akawa anafagia sakafu ya ghala kwa mkono. Yule mwanamke wa kijiji cha jirani aliposikia ghala limefagiwa, akakumbuka ana safari. Na mzee alipokwenda zake kwa ng'ombe, Angetile akatoka migombani, akapita kati ya vyungu vyake vilivyojaa, akiweka kiganja juu ya kimoja kimoja.

Hapo ndipo alipoishia.

Mwanaume mmoja akashindwa kuvumilia. "Alimsamehe?" akauliza.

"Ana mpunga wa mwaka mzima," akajibu Asegelile. "Atafikiri bila njaa."

Kelele zilizofuata, anasema Tusekile, zilifika mtoni. Wanawake walipiga vigelegele, wakakumbatiana, wakaanza papo hapo kubishana kama asamehe au asisamehe, na wanaume wakaingizwa kwenye ubishi wakitaka wasitake. Marita, mwanamke asiyeonekana akilia hata msibani, alikuwa anafuta uso kwa ncha ya nguo na kusema ni vumbi.

Andongwisye hakubishana na mtu. Aliondoka, akarudi na gunia la mpunga. Akachagua chungu kikubwa kuliko vyote, akakijaza na kuumimina mpunga mbele ya wafinyanzi, hiyo ikiwa bei. Kisha akakijaza tena. Akakiinua begani kikiwa kizito hivyo, akapita katikati ya soko, na kukitua mbele ya miguu ya Anyisile.

"Aliingiza mkono hadi chini," anasema Andongwisye. "Alikuwa anapima kama nimejaza mpunga au nimeweka majani chini. Alipoona ni mpunga mtupu, akasema 'Inua, twende nyumbani.' Nikainua. Sikusikia uzito."

Siku hiyo vyungu vyote viliuzwa, hata vile ambavyo kuku walikuwa wametagia. Na tangu siku hiyo kuna desturi mpya bondeni ambayo haikutangazwa na malafyale, yaani chifu, wala kuandikwa na boma: chungu kitupu hakiingizwi nyumbani kwa mke. Mume anayeleta chungu anakileta kimejaa. Kikija kitupu, mke anauliza. Kikija kimejaa, majirani wanaitwa waone. Wake sasa wanaomba vyenye matumbo mapana, na Asegelile anasema udongo wanaochimba umekaribia kuwa mara mbili ya zamani.

"Chungu kimoja siku hizi kinanigharimu viwili," analalamika mzee mmoja aliyekutwa Itungi akijaza cha pili. Lakini alipoulizwa kama anaweza kurudi na kitupu, akacheka na kuendelea kujaza.

Marita ameagiza mtumbwi mwingine. Watoto wa Asegelile wanakula ugali, na yule wa mwisho ameamini kuwa amesamehewa. Wakati wa kuchoma vyungu, mahali pa Asegelile ni karibu na Marita, na anayemkatiza akisimulia hutumwa kutafuta kuni.

Watu humuuliza, kwa kuzunguka au moja kwa moja, kama mume wa hadithi ni Enoki. Swali hilo halimkasirishi. "Enoki akileta kitu nyumbani ni samaki," anasema. "Samaki hawezi kupangwa ukutani. Ndani ya siku mbili ungemnusa."

Alipoambiwa kwamba Ulaya wako watu ambao kazi yao ni kutunga hadithi ndefu za wake na waume waliodanganyana, zikachapwa vitabuni, na watu wakanunua na kusoma, aliuliza maswali mengi. Alitaka kujua kama huko nako mke ndiye anayeliwa na mamba. Akaambiwa mara nyingi hufa kwa njia nyingine. Akasikitika. Kisha akauliza wanasoma wakiwa wangapi, na aliposikia kuwa kila mmoja husoma peke yake, amekaa kimya, hakuamini.

"Sasa nani anambishia?" akauliza. "Hadithi ya namna hii ukiibeba peke yako itakutoa machozi bure. Mimi nikifanyiwa kitabu, nitafurahi, sitakataa. Lakini kisomwe na watu waliokaa pamoja, na mmoja wao awe Tusekile."

Hilo ni tumaini la baadaye. La karibu zaidi analo tayari, na ndilo lililowatia watu joto ufukoni wiki hii. Asegelile anataka kuanza hadithi mpya. Amesema wazi kwamba msimu uliopita wanaume walibeba mzigo peke yao, na haki haikai upande mmoja. Safari hii atakayedanganya ni mke.

Habari hiyo ilipofika Busale, inasemekana wanaume walimshukuru Mungu kwa sauti. Wanawake wa bondeni wametuma watu kuulizia mapema, mke huyo atakuwa analeta nini nyumbani, wajiandae. Asegelile hajawaambia. Amewaambia wafinyanzi wenzake jambo moja tu, walipokuwa wamekaa kwenye mchanga na udongo mikononi: mke huyo si mlimaji mpunga, wala si mtu wa Ipyana. Ni mfinyanzi wa Ikombe.

Mikono yote ilisimama. Wengine walimtazama Marita, yule aliyewahi kutishia kumnyima mtumbwi kwa hadithi iliyogusa vyungu tu, na sasa hii inawagusa wao wenyewe.

Marita aliloweka vidole vyake majini, akalainisha mdomo wa chungu chake, akasema, "Anza."

Enoki alikuwa karibu na nyavu zake na alisikia. Alisubiri wenzake waondoke, akaja kumwomba mkewe taratibu kwamba, kama inawezekana, mume wa hadithi hiyo asiwe mvuvi.

"Nimemwambia asubiri," anasema Asegelile, na kigae kinaanza tena kuzunguka. "Akae asikilize, kama wanaume wenzake walivyokaa."